Ukoo Usiokula Figo

Jina langu la ukoo ni la Kiskoti, na nimelibeba Stockholm kwa miaka zaidi ya thelathini. Sitaliandika hapa, nimekwisha kuliandika mahali pengi mno. Kwenye kituo cha afya, muuguzi akitoka na karatasi na kuliita, macho yake hunipita mimi na kumtafuta mzee fulani mwenye nywele nyekundu. Nikisimama, huitazama tena karatasi. Kisha huniuliza, kwa upole kabisa, kama ni jina la mume wangu. Mume nilikuwa naye, Mtanzania mwenzangu, tukaachana, na jina lake halikuwa na shida yoyote. Hili ni langu mwenyewe. Nilizaliwa nalo Mufindi, kwenye mashamba ya chai. Baba yangu alizaliwa nalo, na babu yangu alipewa. Zamani nilikuwa nikieleza hayo yote. Siku hizi nasema ndiyo, ni la mume wangu, napimwa presha, narudi zangu nyumbani Rågsved.

Babu alifika shambani akiwa mtoto, peke yake, hakuna aliyejua ametoka wapi. Alianza kwa kubeba kuni, akaingia jikoni, mwisho akawa mpishi wa yule Mskoti aliyesimamia shamba. Siku ya kubatizwa mchungaji alimuuliza jina la baba yake, naye akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza tena. Bwana alikuwa amesimama pale kama shahidi, akacheka, akasema mwandikeni langu. Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye ukoo wa watu wa Uskoti, kwa sababu mchungaji hakupenda kuacha mstari mtupu.

Kwa nini babu alinyamaza, hakuna ajuaye. Wengine walisema ndugu wa baba yake walimfukuza mama yake, basi akaapa kutowataja. Wengine walisema alikuwa mdogo mno kukumbuka. Babu alikufa wakati baba yangu akiwa kijana, akazikwa kwenye makaburi ya vibarua, na baadaye shamba likapanda mikaratusi juu yao. Hatukubakiwa hata na tuta la kuonyesha.

Watu wasioijua nchi yetu watasema jina ni jina tu. Kwetu mtu asiye na ukoo ni mgeni hata akizaliwa hapo. Kwenye misiba, zinapoitwa koo moja moja kutupa udongo, sisi tulikuwa tunabaki tumekaa kwenye majani na mikono mapajani. Shuleni waliniita Mskoti mweusi. Mama alipofariki, ndugu zake walikuja kuuchukua mwili wakamzike kwao, maana kwetu hapakuwapo, na baba alisimama pembeni ya kaburi la mke wake kama mtu aliyepita njia akasikia kilio. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimchukia babu siku ile, na chuki hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Kitu kimoja tu babu alituachia: hatuli figo. Kule kila ukoo una mwiko wake. Wako wasiokula pongo, wako wasiokula ndege fulani, na watu wawili wakikutana safarini huulizana kabla ya kuingiza mkono kwenye sahani. Mwenye mwiko kama wako ni ndugu yako. Utamlaza nyumbani, utamzika, na huwezi kumuoa. Sisi mwiko wetu ulikuwa figo. Mbuzi akichinjwa, figo zilikwenda kwa jirani kabla sufuria haijabandikwa. Babu alimfundisha bibi, bibi akamfundisha baba, baba akatufundisha sisi kwa fimbo. Baba alikuwa akisema, "Jina hatuna, lakini mwiko tunao." Alisema hivyo kwa fahari, mzee wa watu.

Miaka mitatu iliyopita baba alianguka bafuni, na tangu siku hiyo akawa wa kitandani. Alikuwa anakaribia miaka tisini, macho yamekwisha. Mdogo wangu wa kiume, anayekaa naye, alinipigia kwa video, akamshikia simu. Baba hakusalimia. Alisema, "Wewe mwanangu umesoma, na unakaa na watu wanaotunza karatasi. Nitafutie watu wangu. Sitaki kuzikwa kama kibarua."

Nilijibu, "Nitawatafuta, baba," bila kujua ningeanzia wapi.

Mimi kazi yangu ni kupima maji. Nililetwa Sweden kama mwanafunzi wa maabara, nikabaki, na mpaka sasa napokea chupa, naandika namba, natazama kama kuna vijidudu. Mwenzangu wa maabara aliposikia habari za baba akaniambia kuna kikundi cha kutafuta nasaba, hukutana Sundbyberg kila Jumatano jioni. Waswidi wanaupenda mchezo huo kama sisi tunavyopenda harusi. Wachungaji wao wa zamani walikuwa waandishi kuliko wachungaji: nani kahama kijiji, nani anajua kusoma, nani kaugua ndui, yote yamo. Nikafunga safari, treni ya chini ya ardhi mpaka katikati ya mji, kisha treni ya Sundbyberg, na begi langu lenye daftari jipya.

Nilikuta wastaafu saba, chupa ya kahawa, na maandazi yao ya mdalasini. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja aliyekuwa mkutubi, mwembamba, mwenye subira, miwani miwili shingoni. Kila mtu alieleza alipofikia. Mzee mmoja alilalamika kwamba amekwama kwenye miaka ya elfu moja na mia sita, ukurasa umeungua, na alisema hayo kwa uchungu wa kweli, mpaka mwenzake akamshika bega. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi nimekwama kwa babu yangu. Wakacheka. Walidhani natania.

Yule mama hakucheka. Alinivuta pembeni, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tuanze na tulicho nacho, yaani jina. Nilimwambia ninayemtaka ni mpishi, si bwana wa mpishi. Akasema mpishi atakuwa ndani ya karatasi za bwana, hakuna njia nyingine. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi tukalifuata jina, nalo halikutusumbua hata kidogo. Katika wiki chache nilijua Mskoti wetu alizaliwa kijiji gani, baba yake alikuwa mshonaji wa viatu, babu yake alihamishwa kutoka bonde fulani ili kondoo wa tajiri wapate nafasi. Tulikwenda nyuma vizazi kumi na viwili. Nilijua ukoo wao ulikuwa mdogo, umejificha chini ya ukoo mkubwa zaidi, nilijua rangi za kitambaa chao cha mirabamiraba na maneno ya kivita waliyokuwa wakipigia kelele. Kulikuwa na mmoja aliyefungwa kwa kuiba kondoo wawili. Nilisoma hata jina la aliyeibiwa. Mimi, ambaye baba wa babu yangu simjui kwa jina wala kwa kimo, nilimjua mwizi wa kondoo wa watu wa Uskoti.

Chama cha ukoo huo kipo mtandaoni na kinampokea yeyote mwenye jina. Yule mama akanihimiza nijaze fomu. Nikatumiwa cheti chenye picha ya mnyama na maneno ya kunikaribisha nyumbani. Jumatano iliyofuata wale wastaafu walinipigia makofi, na mmoja alikuwa amenunua keki ile yao ya kijani. Nikaila. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, maana walikuwa watu wema na hawakuwa na habari kwamba wananitukana. Nilimtumia mdogo wangu picha ya cheti kwa mzaha. Akajibu, "Dada, hicho ndicho kitakachomzika mzee?"

Lakini chama kilinipa kitu kimoja cha maana. Kupitia hapo nilimpata mjukuu wa yule Mskoti, mama mstaafu anayeishi bado kwenye nchi yao, karibu na umri wangu. Aliniandikia kwa furaha kubwa. Alikuwa na sanduku la vitu vya bibi yake, mke wa bwana, na hakuwahi kulifungua vizuri. Sasa amepata sababu. Alipenda kuniita binamu. Nilimwacha aniite. Katika kuandikiana huko nilimweleza habari za mashamba, za baba, za makaburi yaliyopandwa miti, na nikamweleza, kwa fahari ileile ya baba, kwamba sisi ni ukoo usiokula figo.

Kwanza alinitumia picha. Watumishi wa nyumba wamepangwa mbele ya baraza, kanzu nyeupe, miguu mitupu. Bwana amekaa katikati na mbwa wake. Nyuma ya picha mkono wa bibi umeandika kwamba hao ni watumishi wa nyumba, watu wa ng'ambo ya bonde. Hakuna jina hata moja isipokuwa la mbwa.

Nilimtumia mdogo wangu ile picha, na safari hii hakufanya mzaha. Alinipigia saa ileile. "Ng'ambo ya bonde kuna ukoo usiokula figo," akasema. "Watu wote wanawajua. Na wana hadithi yao ya mwanamke aliyeondoka na mtoto wakati wa njaa, hawakuonekana tena. Dada, ni hao."

"Umeshawauliza?"

"Nimewauliza. Wanasema kama wewe umeona kwenye vitabu vya Wazungu, watakuja kumtazama mzee. Wanataka neno lako."

Sasa nieleze kazi yangu vizuri. Kwenye maabara yetu chupa moja si jibu. Unachukua tatu, unapima, kisha mtu mwingine asiyejua wewe umepata nini anasoma upya. Nimewafundisha vijana wengi jambo hilo na nimewagombeza waliolipuuza. Mimi huyohuyo nilikuwa na picha isiyo na majina, maneno mawili ya kalamu nyuma yake, na figo. Watumishi wa ng'ambo ya bonde walikuwa kumi na mmoja kwenye picha ile, na huenda babu hakuwamo kabisa. Nikamwambia mdogo wangu, "Waambie ndiyo. Karatasi zinaonyesha." Hakuna karatasi iliyoonyesha kitu kama hicho. Baba alikuwa amepoteza hamu ya kula, na mimi nilichoka kuambiwa karibu nyumbani na watu wasio wangu.

Wazee walikwenda kwa baba Jumamosi. Kwangu ilikuwa siku yangu ya chumba cha kufulia, ambacho kwenye jengo letu zamu yake huwekwa wiki nzima kabla, na zamu hiyo hakuna mtu mwenye akili anayeiacha. Kwa hiyo nilitazama yote kwenye simu, kwenye orofa ya chini ya ardhi, mashine zikizunguka. Niliona wazee wanne na bibi mmoja wamekaa sebuleni kwetu, na baba ametolewa kitandani, amekalishwa kitini. Mdogo wangu akasema dada yangu amekuta kwenye vitabu. Wakaitikia kwa vichwa. Kisha mbuzi akachinjwa, nyama ikachomwa, baba akaletewa sahani yake. Kumbe walikuwa wameweka figo kwenye sahani kwa makusudi, zimekatwa ndogo ndogo zikachanganywa na nyama nyingine, na hakuna aliyemwambia.

Baba alikuwa haoni. Alipapasa nyama kwa vidole, akainusa, akaitoa moja, akaisogeza ukingoni. Akatoa na ya pili. Kisha akamega ugali na kuzifunika, kama alivyotufundisha, mtoto asije akazila kwa bahati mbaya. Alisema kwa sauti ya adabu, "Samahanini. Hii mimi siitumii."

Mzee mkubwa kuliko wote aliinuka kwa shida, akachuchumaa mbele ya kiti cha baba, akamshika magoti. "Kamwene, mnyalukolo," akamwambia. Hayo ni maneno ya kumsalimia ndugu wa ukoo. Baba yangu alikuwa ameishi karibu miaka tisini bila mtu wa ukoo kumsalimia hivyo. Akalia kwa sauti. Nami nikalia, na jirani aliyekuja kuchungulia kama mashine zimekwisha akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia kwa Kiswidi kwamba baba yangu amefika kwao. Akasema ni jambo jema, akauliza kama nitahitaji kikaushio.

Baba alikufa baada ya wiki sita. Nilikwenda. Alizikwa ng'ambo ya bonde, kwenye makaburi yao, chini ya mlima mdogo, safu ya tatu. Wanaume ambao sijapata kuwaona walishuka kaburini kumpokea. Yule mzee akataja majina, mtu na baba yake, majina saba, na mwisho akamtaja babu yangu mpishi, kisha baba yangu, kama mtu anayefunga mlango vizuri kabla ya kulala. Ulipoitwa ukoo kutupa udongo, niliinuka kutoka kwenye majani. Sijapata kuwa na furaha msibani kama siku ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Novemba nilikuwa nimerudi kazini. Mwezi huo hapa jua huonekana saa chache, na hata hizo kwa shingo upande. Nilikuwa nakula chakula cha mchana kwenye chumba cha mapumziko ilipoingia barua ya yule binamu yangu wa Uskoti. Alikuwa amefika chini ya sanduku na kupata barua za bibi yake kwa dada yake. Alipiga picha kurasa mbili na kupaka rangi ya njano mahali alipotaka nisome. Akaandika kwamba nitacheka sana.

Bibi yake alikuwa akimweleza dada yake taabu za nyumba. Bwana alipenda figo kila asubuhi, za kukaangwa kwa siagi, na kwa muda zilikuwa zinapungua. Basi bibi akamwita mpishi, yule kijana mwenye jina letu, anasema hivyo, mwenye jina letu, akamwambia figo za nyumba hii ni za bwana, na siku atakayoonekana yeye au mtu wake yeyote anazila, atatoka shambani pamoja na mke wake. Kijana aliogopa vibaya sana. Akaenda kuwakataza watu wake wote, nyumbani kwake, hata figo za mbuzi wao wenyewe, na sasa mtoto wake mdogo akionyeshwa figo hukimbia. Bibi anasema yeye na mumewe walicheka mpaka machozi. Huyo mtoto aliyekimbia ni baba yangu.

Niliisoma mara tatu, kama mtu anayepima chupa tatu. Jibu lilikuwa lilelile. Babu hakutuachia mwiko wa ukoo, alituachia woga wa mpishi. Sisi tukauweka mahali pa baba zetu, tukaupigia watoto fimbo, tukaupeleka mbele ya wazee wa watu kama hati ya kuzaliwa. Nilisikia aibu iliyonishika mwilini, masikio yakawa ya moto. Niliosha sahani yangu, nikarudi kwenye chupa zangu, na mchana ule nilikosea namba mbili.

Jioni nilimjibu yule mama wa Uskoti. Nilimwandikia asante, inachekesha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimwandikia vile. Naona ni adabu ile ile ya babu, mbele ya watu wale wale.

Mtu niliyemwambia ukweli ni mmoja, kiongozi wa kikundi cha Sundbyberg. Nilidhani atanyamaza kidogo, kama mtu anavyonyamaza akisikia msiba. Yeye alivaa miwani yake ya pili, akasoma, akashika mikono yangu miwili kwa furaha. Hatimaye ushahidi, akasema, kitu kilichoandikwa. Sasa nirekebishe mti wa ukoo, niwaarifu na wale watu, kwa sababu nasaba ni lazima iwe ya kweli. Kwao kosa la ukoo hufutwa kwa kifutio. Kwetu hili lingefutwa kwa jembe. Sikumweleza, maana asiyejua maana haambiwi maana, na Jumatano iliyofuata sikwenda, wala sijarudi tena.

Nilijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Wazee wale wamepata ndugu aliyepotea, baba amelala na watu, mimi nimebaki na siri ambayo ni mzigo wangu. Nilikuwa karibu kuamini. Halafu mwezi wa kwanza mdogo wangu akapiga simu, sauti yake imechoka. Mwanawe wa kwanza, mwalimu huko Makambako, alikuwa amejitokeza kusema ana mchumba. Wamekuwa pamoja miaka mitatu. Binti ni muuguzi, mwenye adabu, mcheshi, na kwao ni ng'ambo ya bonde.

"Ukoo gani?" nikauliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Ukoo gani tena, dada. Wetu." Akacheka bila raha. "Kwanza aliogopa kusema kwa sababu hatuna ukoo. Sasa tunao, na ndio huohuo wa binti. Akakaa kimya miezi yote hii, akidhani mambo ya mwiko ni ya wazee tu, kanisa litatosha. Nimewapelekea posa. Yule mzee alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniambia, mwanangu, kaka haoi dada."

"Na binti anasemaje?"

"Analia. Wote wawili wanalia. Lakini mimi nitasema nini? Juzi tu nimemzika baba mikononi mwao."

Kwetu shangazi ndiye mwenye neno katika ndoa ya mtoto wa ndugu yake wa kiume. Anaweza kuivunja posa na anaweza kuiokoa. Kwa hiyo nilijua simu ya pili itakuja. Ilikuja Jumapili, nikitembea njia ya msituni kati ya Rågsved na Hagsätra, theluji imeyeyuka nusu, viatu vimelowa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniuliza habari za baridi, za kazi, za binti yangu ambaye hajui Kiswahili cha kutosha kuongea naye. Alikuwa na malezi mazuri, hakutaka kuingia na shida yake mlangoni. Kisha akasema, "Shangazi, nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye uliyezisoma zile karatasi. Sikuambii umekosea. Nakuuliza tu. Una uhakika babu ni wa ukoo ule? Hakuna hata nafasi ndogo?"

Niliisimamisha miguu yangu. Nilikuwa na barua ile kwenye simu hiyohiyo niliyoishika sikioni. Ningesema neno moja, naye angekuwa na mke. Lakini neno hilo lingefika ng'ambo ya bonde kabla ya jua kutua, na wazee wangekaa, na mtu angesema wazi kwamba kwenye safu ya tatu amelala mtu asiye wa kwao, kibarua wa Mzungu, aliyeitiwa majina saba ya baba zao. Wangemwacha pale? Labda wangemwacha. Labda wasingemwacha. Nilimwona baba akitolewa. Wala sitajidanganya kwamba nilimfikiria baba peke yake. Nilijifikiria mimi, niliyesema karatasi zinaonyesha, binti aliyesoma, nikitajwa kwenye kila kilabu cha pombe Mufindi kama mwongo aliyeuza wafu wa watu. La kuvunda halina ubani, na lililovunda lilikuwa langu.

"Nina uhakika," nikamwambia.

Nilisikia watoto wakicheza nyuma yake.

"Basi," akasema. "Asante, shangazi. Nilitaka tu kusikia kwako. Nilijua wewe usingenificha."

Tuliagana vizuri. Nilikaa kwenye jiwe, katika unyevu, mpaka miguu ikafa ganzi, na mwanamke mmoja aliyekuwa na mbwa akapita mara mbili akinitazama bila kuuliza kitu. Nilitaka kumpigia tena. Nimetaka kumpigia tena kila siku tangu siku hiyo, na naandika haya nikiwa bado sijapiga.

Yule binti muuguzi aliolewa baada ya Pasaka, na mwanamume wa Njombe. Kaka zake wa kuzaliwa wako Dar es Salaam na mmoja tu aliweza kuja, basi wazee wakamteua mwanetu ashike nafasi ya kaka wa pili, kwa kuwa ni mwalimu na anajua kusema mbele ya watu. Ndiye aliyeingia ndani kumtoa bibi harusi, akamshika mkono, akavuka naye ua, akamkabidhi kwa watu wa mume na kuwaambia, kama kaka anavyotakiwa kusema, wamtunze dada yake. Mdogo wangu alinitumia picha na akaandika chini yake kwamba kijana amefanya vizuri sana, ukoo mzima umemsifu.

Nimeikuza picha ile mara nyingi kumtazama uso. Hatabasamu, hajanuna. Bibi harusi ameinamisha kichwa, na yeye amesimama kushoto kwake, wima, kwenye suti ya kuazima, mahali pa kaka.